Nilivyomtunza Bibi Harusi Nikiwa kwenye Dozi

Wanaoanza dozi ya kifua kikuu huniuliza mambo mawili: kama vidonge vinachosha, na kama mkojo utarudi rangi yake. Vinachosha. Mkojo utarudi. La tatu hawaniulizi kwa sababu bado hawajakutana nalo, nalo ndilo lililonifanya nikae niandike: utaishije kwenye nyumba ambayo watu wameondoka kwa sababu yako? Mimi niliishi na panya. Chekeni kidogo, halafu tuendelee.

Mimi ni seremala, Mafinga. Karakana yangu imeshikana ukuta na nyumba, na kwa miaka kumi na minne nimevuta vumbi la paini asubuhi mpaka jioni. Ndiyo maana kikohozi kilipoanza mwezi wa sita, baridi ikiwa imeshaingia, sikushtuka. Kwetu fundi mbao asiyekohoa tunajiuliza kama kweli anafanya kazi. Ukikohoa, mwenzako anakwambia unywe maziwa, yanasafisha vumbi. Nikanywa maziwa. Mwezi wa saba suruali zikaanza kunivuka, nikatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari, nikaongeza maziwa. Mke wangu Sekela aliponiambia niende hospitali nilimjibu kwa ukali kwamba yeye kakulia Uyole kwenye viazi, vumbi la mbao atalijulia wapi. Mwezi wa nane nilikuwa napiga randa ubao wa mlango, nikakohoa, nikatema damu kwenye maranda. Yale maranda yalikuwa meupe, yametoka kwenye randa muda huo huo, na damu ilionekana vizuri. Nikayafunika kwa mguu. Halafu nikaona huu ni utoto, nikamwita Sekela aje aone.

Kwa hiyo wewe mwenye kazi kama yangu, kikohozi kikipita wiki mbili usikipe jina mwenyewe. Waachie wenye vipimo.

Benchi la wagonjwa wa kifua hospitalini liko nje, chini ya bati, ili upepo upite. Unapewa kikopo cha makohozi chenye mfuniko, na kila mtu anakificha kiganjani, ingawa wote tumeshika kikopo kile kile. Nilikaa pale siku mbili nikiangalia viatu vya watu. Majibu yalipotoka, nesi anayesimamia dawa, tunamwita Sista Valeria, alinieleza taratibu kama anayefundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Sekela na watoto walipimwa, wakakutwa salama. Baraka, mdogo wetu, alikuwa na miezi tisa, akapewa dawa ya kinga. “Kaeni pamoja tu,” alisema Sista. “Madirisha wazi, baba alale chumba chake hizi wiki za mwanzo, akohoe kwenye kitambaa. Dawa zikianza kufanya kazi, hamwambukizi mtu.”

Mama mkwe wangu alifika kwa basi kutoka Uyole siku iliyofuata. Ni Mnyakyusa mtu mzima, hana maneno mengi, na siku zote amenipenda.

“Baba Tuma,” alisema akiwa amesimama mlangoni, “mimi nilimzika dada yangu kwa ugonjwa huu huu. Sikugombezi. Nawachukua wajukuu zangu na mama yao. Ukimaliza hiyo miezi sita, ukiwa na karatasi ya daktari, utakuja kuwachukua.”

“Sista amesema tunaweza kukaa wote, Mama.”

“Hata dada yangu walimwambia maneno mazuri.”

Nilimtazama Sekela. Alikuwa anakunja nguo za Baraka na hakuinua uso. Hapo ningeweza kubembeleza. Lakini mimi ni Mhehe, tena mbishi, na kubembeleza ni kitu ambacho nyumbani kwetu hakikufundishwa. Nikasema, “Sawa.” Nimelijutia neno hilo kuliko maziwa yote niliyokunywa.

Kilichobaki ni panya.

Alikuja wakati wa Pasaka, kabla sijaanza kukohoa. Shemeji yangu Gwamaka, kaka yake Sekela, anafanya kazi kwenye maabara ya shule ya sekondari huko Uyole, na baada ya mtihani wa vitendo alibaki panya mmoja mweupe mwenye macho mekundu. Binti yangu Tuma, ambaye ana miaka tisa na moyo mwepesi, aliposikia panya atakavyoishia, alilia mpaka tukampakia kwenye ndoo yenye matundu tukarudi naye Mafinga. Akamwita Bibi Harusi kwa ajili ya weupe wake. Mimi nilikuwa simtaki. Mkiani hana nywele hata moja. Na wateja walianza kuniuliza kama namnenepesha kwa ajili ya sikukuu. Gwamaka mwenyewe, kwa kuwa ni shemeji na utani wa sisi kula mbwa ni haki yake, alisema, “Nyinyi Wahehe mbwa wamewaishia, sasa mmeanza na panya?”

Mama mkwe alikataa kata kata kiumbe hicho kuingia nyumbani kwake. Basi Tuma akang'oa karatasi kwenye daftari la hisabati, akaandika masharti, akaniwekea chini bila kunisogelea, kama alivyokuwa ameagizwa. Asipewe pilipili. Asipewe soda. Maji abadilishiwe kila siku. Usimshike mkia. Uongee naye, maana anapenda kuongeleshwa. Mwishoni kabisa: Baba, mtunze mpaka nirudi. Kuanzia siku hiyo nilijiwekea imani ya kijinga ambayo sikumwambia padri wala mke: huyu panya akiwa hai, watarudi.

Miezi miwili ya kwanza unameza vidonge vingi kila asubuhi. Nilikwenda kuvimeza mbele ya Sista, nikarudi kulala kwenye kochi. Mkojo ukawa rangi ya machungwa, machozi nayo yakaacha doa kwenye mto. Magoti yaliniuma kama ya babu yangu. Nilikuwa na kilo arobaini na tisa, mimi niliyekuwa nabeba mbao sita begani. Watu walinisalimia wakiwa barabarani. “Kamwene, fundi!” nami nikaitikia kutoka dirishani, wakapita. Waliokuja karibu waliniletea viazi na maharage, wakaweka kwenye kizingiti, wakarudi nyuma hatua mbili ndipo waseme pole. Siwalaumu, nami ningefanya vile vile. Lakini wiki zilipita bila mtu kunigusa hata mkono, na ngozi nayo ina njaa yake, hilo ndilo sikulijua.

Bibi Harusi nilikuwa namtupia chakula na kufunga ndoo. Siku moja nilipokuwa nabadilisha maji, alinipanda kiganjani. Nikaganda. Akaanza kunilamba vidole, kimoja kimoja, kwa utulivu, kama mama anayemwosha mtoto. Kisha akapanda mpaka begani, akaingia kwenye kola ya koti, akatulia pale shingoni, ana joto. Nililia, wala sioni aibu kuliandika. Nilikaa kwenye kochi mpaka jua likahama ukutani, nikiogopa kujitikisa asije akashuka.

Tukawa watu wawili kwenye nyumba. Nilipopata nguvu kidogo nilimtengenezea nyumba ya paini, ghorofa tatu, ngazi na baraza. Aliitafuna baraza yote ndani ya wiki. Nikajifunza kwamba anapenda parachichi na ugali wa jana, kwamba akifurahi husaga meno taratibu na macho yake hutokeza na kurudi ndani, jambo ambalo mara ya kwanza lilinifanya nidhani anakufa. Kila asubuhi nilimwekea maranda mapya. Hilo nililifanya kwa fahari. Sikuwa na kingine kizuri cha kumpa mtu, lakini maranda safi, membamba, yenye harufu ya msituni, hayo karakana yangu ilikuwa nayo tele.

Jumapili baada ya misa Tuma alinipigia kwa simu ya bibi yake. Alianza na panya, ndipo mimi.

“Baba, Bibi Harusi hajambo?”

“Hajambo. Na mimi sijambo.”

“Mweke kwenye simu.”

Nilimweka. Akanusa simu, akailamba. Tuma akacheka, nami nikakitegea sikio kile kicheko. Baadaye nilisikia vishindo vidogo sakafuni huko Uyole, pa, pa, pa, kisha kitu kikaanguka. Nikauliza ni nini. “Ni Baraka,” Tuma akasema. “Siku hizi anatembea.” Alipoondoka kwangu alikuwa anatambaa tu.

Mwezi wa kumi makohozi yangu yalirudi safi. Sista alipiga mhuri kwenye kadi, akanipunguzia idadi ya vidonge, na akasema maneno niliyokwenda nayo nyumbani kama mtu aliyebeba mayai: “Huambukizi tena, fundi. Lakini usithubutu kuacha dozi.” Nikampigia Sekela muda huo huo.

“Mama anasema miezi sita ni miezi sita,” alijibu.

“Na wewe unasemaje?”

Nilisikia kuku wa kwao.

“Sekela, nakuuliza wewe.”

“Nami naogopa, Baba Tuma. Naogopa na naona aibu kuogopa. Usinilazimishe niseme.”

Nikakata simu. Sikupiga wiki mbili, na Jumapili nilipokea ya Tuma tu. Niliona wamenionea. Leo naona kwamba alinieleza ukweli, na mimi niliutaka ukweli wa aina nyingine.

Mvua za kwanza zilipoanza, Bibi Harusi akaanza kupiga chafya. Mwanzoni nilicheka. Kisha akawa anapumua kwa mlio mdogo kifuani, na asubuhi moja nikamkuta ana wekundu puani na kuzunguka macho. Nikaufuta kwa kidole. Ukabaki kwenye kidole. Wekundu ule nilikuwa naujua. Nimemwambukiza. Nimekiua kitu pekee ambacho binti yangu aliniachia.

Nilimweka kwenye kopo la rangi, nikalifunika kwa koti, nikaenda kukaa benchi la kifua chini ya bati. Zamu yangu ilipofika nilifunua koti. Sista Valeria aliruka nyuma ya kiti chake.

“Fundi! Umeniletea nini humu?”

“Anatema damu. Mpime makohozi, Sista, nakuomba.”

Pale benchini mama mmoja mwembamba mwenye kikopo kiganjani akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, na wengine wakamfuata. Sista naye alicheka, akanifuta machozi mimi, siyo yake. “Nenda kwa daktari wa mifugo,” alisema. “Na dawa umeze hapa kwanza, nikuone.”

Daktari wa mifugo alikuwa dada wa Kisukuma aitwaye Kabula, aliyekulia kwenye mifugo ya baba yake huko Usangu. Alisema ameshatibu ng'ombe, mbuzi, mbwa na punda, ila mtu aliyepanga foleni na panya alikuwa hajamwona. Lakini alimshika vizuri, bila kumshika mkia, akamweka sikioni.

“Kapanya kako kanaumwa kweli. Hii siyo damu, lakini. Machozi yao ndiyo yana rangi hii, wakiumwa yanatoka. Unakalaza kwenye nini?”

“Maranda. Safi kabisa, ya paini, nabadilisha kila siku.”

“Kila siku, mapya?”

“Mapya. Yananukia.”

Alinitazama kwa huruma, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. “Hiyo harufu ndiyo inayokachoma kifua, fundi. Hata vifaranga wanakohoa ukiwawekea ya mbao mbichi. Kawekee vitambaa, au magazeti, au majani makavu. Na kasikae karibu na karakana.”

Nilisimama pale nikiwa na kopo mkononi. Kikohozi changu kilikuwa ugonjwa nikakiita vumbi. Chake kilikuwa vumbi, nikakiita ugonjwa wangu.

“Atapona?”

“Nakupa dawa ya kuchanganya kwenye maji. Kanaweza kupata nafuu, lakini kifua kimeshachoka. Hawa hawaishi miaka mingi. Anakaa na nani mwenzake? Panya hapendi upweke.”

“Anakaa na mimi.”

“Na wewe unakaa na nani?”

“Na yeye.”

Alianza kucheka, akaacha. Akaandika dawa.

Nilichana shuka zangu mbili. Nikamhamishia chumba cha Tuma, mbali na karakana, dirisha wazi. Nikajifunza kumnywesha tone kwa tone. Akapata nafuu, akarudi kwenye kola ya koti, ingawa ule mlio haukuisha. Krismasi nilipika wali kwa ajili ya watu wanne. Nilijua hawaji, maana Sekela alikuwa ameshasema, lakini mkono ulipima mchele kwa mazoea na sikuuzuia. Nilikula kidogo, Bibi Harusi akala kidogo. Magauni mawili ya Tuma yalikuwa bado yananing'inia nyuma ya mlango, nikasogea nikayanusa, nayo yalinuka kabati tu.

Katikati ya Januari, Jumapili, Tuma akaomba kama kawaida nimweke panya kwenye simu. Nilitaka kusema amelala. Nilikuwa nimeshasema hivyo Jumapili mbili. Lakini akasisitiza, nikaiweka simu karibu naye.

“Baba, mbona analia kifuani?”

“Ni mafua tu.”

“Hapana. Ndivyo ulivyokuwa unalia wewe.” Kisha akauliza: “Baba, nitamwona tena?”

Hakuuliza kama nitapona, wala lini nitakuja. Lakini nilisikia yote mle ndani, na uongo wangu wote wa “hajambo na mimi sijambo” ukanikwama. Kwa ajili yangu mwenyewe nisingekwenda. Ningekaa nikiwa na kiburi changu mpaka siku ya karatasi. Asubuhi iliyofuata nilimeza vidonge mbele ya Sista, nikampa taarifa, akanifungia vya siku tatu kwenye bahasha. Nikamlaza Bibi Harusi kwenye kisanduku chenye vitambaa, nikapanda basi la Mbeya.

Basi lilipoteremka kufika Igawa, joto la Usangu liliingia, akaanza kupumua kwa mdomo wazi. Wauza karanga walikuwa madirishani. Nilinunua tango baridi, nikalipasua kwa meno, nikamshikia kipande. Alikilamba mara mbili. Jirani yangu wa kiti aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia nimebeba mgonjwa, nampeleka kwao. Akasema pole, hakuuliza tena.

Uyole kulikuwa na wingu na ubaridi. Mama mkwe alikuwa anapukuchua mahindi barazani. Aliponiona alisimama, punje zikamwagika.

“Baba Tuma. Miezi sita bado.”

“Najua, Mama. Siingii ndani. Nimemletea mtoto panya wake amuage, halafu naondoka na basi la mchana.”

Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Nadhani aliona kwamba suruali ilikuwa imerudi kunikaa. Akavuta kigoda, akakiweka uani, mbali na mlango, akarudi kukaa. Sekela alitokea, Baraka mgongoni, akasimama kwenye fremu ya mlango mkono mdomoni. Mtoto alinitazama kama fundi aliyekuja kutengeneza kitu. Tuma alitoka mbio, akafika hatua tatu kutoka kwangu, akafunga breki. Alikuwa amefundishwa vizuri.

Nikaweka kisanduku chini, nikasogea nyuma. Akamtoa, akamlaza kwenye sketi yake, akaanza kumwongelesha. Alimweleza habari za shule mpya, na jino lililong'oka, na kuku anayedonoa. Bibi Harusi alisaga meno kidogo, kisha akawa anapumua kwa nafasi, kisha nafasi ikawa ndefu. Tuma akaniinulia uso.

“Baba?”

“Ndiyo, mama.”

“Ameacha.”

Sikumwita. Alikuja mwenyewe, panya akiwa kwenye kitambaa mkono mmoja, akajitupa kifuani kwangu, kifua kile kile, akalia na mdomo wake ukiwa umezama kwenye shati langu. Mama mkwe alinyanyuka nusu. Sekela akasema, “Mama, mwache,” kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia akimsemesha mzazi. Mama mkwe alibaki ameinama hivyo, kisha akakaa chini taratibu. “Ndaga, mwanangu,” alimwambia mjukuu wake, kwa Kinyakyusa chao cha kumpa mtu pole. “Ndaga.”

Nilimkumbatia kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameongezeka urefu, magoti yake yalinifika mahali ambapo hayakuwahi kufika. Nilikuwa nimesahau uzito wake. Nililia naye, na nitasema kweli, sikuwa namlilia panya.

Baadaye Sekela alikuja kukaa chini karibu na kigoda, bega lake likagusa goti langu, akaliacha hapo. Wingu lilizidi kuwa zito upande wa milimani, na matone ya kwanza yakaanza kupiga mabati.

Mama mkwe akakusanya mahindi yake, akasimama mlangoni.

“Baba Tuma, mvua hiyo. Ingieni ndani.”

Miezi mitano mizima nilikuwa nimelisubiri neno hilo. Tuma alikuwa ameshalala mapajani kwangu, pumzi yake ikinipiga shingoni.

“Tunakuja, Mama,” nilimwambia. “Subiri kidogo tu.”